Chama kilichopita kwenye mizani ya pamba

Shinyanga mjini kuna uwanja wa mpira ambao kila mtoto anaujua: Kambarage. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, imeshacheza hapo mechi za ligi kuu, na mji mzima ukahamia kwenye majukwaa. Lakini jina kamili la uwanja ni CCM Kambarage. Mwanza nako uwanja mkubwa ni CCM Kirumba. Watoto wenye macho makali huuliza: imekuwaje uwanja wa mji ukaitwa kwa jina la chama cha siasa? Ni kwa sababu chama ndicho mwenye mali. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, maana mtoto atauliza tena: kilipataje? Hapo ndipo panapohitaji hadithi, wanangu, na hadithi yenyewe haianzii uwanjani. Inaanzia kwenye mizani.

Babu zenu walilima pamba. Mwingereza alipokuwa akitawala Tanganyika, nchi hii yote ya Wasukuma, kuanzia Shinyanga na Maswa hadi Kwimba, Mwanza na Geita, ilikuwa ndani ya jimbo moja lililoitwa Jimbo la Ziwa. Mkulima alipalilia, alichuma, alifunga robota, akalibeba kichwani au kwa mkokoteni hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara, mara nyingi mwenye asili ya India, na mizani ilikuwa yake. Mkulima hakujua kusoma mizani ile, na hata aliyejua hakuwa na pa kwenda kulalamika. Pamba aliyoihangaikia tangu mvua za kwanza ilipungua uzito pale pale machoni pake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka. Wakaanza kujikusanya, wakaweka watu wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kukagua. Jambo dogo tu: mtu anayejua hesabu, amesimama, anatazama. Lakini lilibadilisha kila kitu. Kutoka hapo vikaota vyama vya msingi vijijini, na mwaka 1955 vikaunganishwa kuwa shirikisho la ushirika lililoitwa Victoria Federation, makao yake Mwanza. Aliyeliongoza alikuwa kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, Paul Bomani, ambaye alikuwa amekwenda kusomea ushirika Uingereza. Shirikisho lile likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Likanunua pamba, likamiliki vinu vya kuchambulia, likawapa wakulima kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho chini ya bendera ya Mwingereza: ofisi yao, hesabu yao, na kiongozi waliyeweza kumwondoa.

Kumbukeni hilo la kiongozi wa kuondolewa. Litarudi.

Pamba haikuwa kero pekee. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilileta mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma, wenye kituo chake Malya. Maofisa waliona ardhi inachoka na ng'ombe wamezidi. Kwa macho ya leo, wasiwasi wao juu ya ardhi haukuwa wa uongo. Ubaya ulikuwa katika njia. Walitunga sheria ndogo nyingi: lima matuta namna hii, panda muhogo kiasi hiki, punguza mifugo, lipa kwa kila ng'ombe. Wakamtwika mtemi kazi ya kutoza faini. Mtemi ambaye zamani alikuwa wa watu wake akawa tarishi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Nawaambia hivi bila chuki na watemi. Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya huku Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, na alikuwa msomi wa kuheshimiwa. Lakini mfumo ulimweka kila mtemi kati ya nyundo na fuawe.

Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, chama cha zamani cha Waafrika kilichoitwa TAA kikajigeuza kuwa TANU, na Julius Kambarage Nyerere akawa rais wake. Ndiyo Saba Saba mnayoijua kwa maonyesho ya biashara. Huku Ziwa, TAA ilikuwa tayari na nguvu kuliko sehemu nyingi za nchi, ikiwa na watu kama Bomani, Saadani Abdu Kandoro na Bhoke Munanka. Kwa hiyo TANU ilipozaliwa Dar es Salaam, huku ilikuta watu wanaisubiri.

Serikali ya Gavana Twining iliona hilo, ikafanya jambo ambalo haikulifanya katika sehemu nyingi za nchi: ilikataa kuandikisha matawi ya TANU Usukumani. Kuanzia 1954 hadi 1958 chama kilikuwa marufuku katika nchi hii. Mtu wa Morogoro aliweza kukata kadi ya TANU mchana kweupe. Mtu wa Shinyanga hakuweza. Watawala walidhani wameufunga mlango. Kumbe mlango wa ushirika ulikuwa wazi, na mikutano ya pamba ilijaa watu waliokuwa na mengi ya kusema zaidi ya bei ya pamba.

Sasa twende Geita, kwa sababu hapa ndipo hadithi inaponigusa zaidi.

Serikali ilikuwa na wazo kwamba Tanganyika itawaliwe kwa mataifa matatu pamoja: Wazungu, Waasia na Waafrika. Kwenye karatasi lilisikika kama jambo la upole. Lakini Wazungu na Waasia walikuwa wachache sana, na Waafrika walikuwa mamilioni. Kuwapa viti kwa makundi ya rangi kulimaanisha kwamba mtu mmoja wa kundi dogo anabeba uzito wa maelfu ya wengine. Geita iliteuliwa iwe mahali pa kuanzishia baraza la wilaya la namna hiyo. Watu wa Geita, ambayo wakati ule ilijumuisha hadi Sengerema, walikataa. Walikataa pia zile sheria ndogo za ng'ombe na mashamba. Mwaka 1958 walikusanyika bomani kwa maelfu, na walipoona hawasikilizwi wakaenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo.

Mnaoijua njia hiyo mnajua kuna Ghuba ya Mwanza katikati. Leo mnapita juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025, na safari ni ya dakika chache. Wakati ule hapakuwa na daraja. Watu walifika Mwanza, wakakaa huko wakisubiri jibu, na jibu walilopewa ni polisi na mabomu ya machozi. Lakini hawakuvunjika. Vurugu zikaendelea vijijini, kodi ikagoma kukusanyika, na mwisho serikali ndiyo iliyorudi nyuma. Baraza lile likafa. Marufuku ya TANU ikaondolewa. Watu ambao hawakuwa na kura, hawakuwa na bunduki wala kadi halali ya chama, waliifanya dola ya Mwingereza ibadili msimamo kwa kukataa tu, kwa pamoja, bila kuchoka.

Ndiyo maana nasema chama hiki hakikuletwa Usukumani kutoka Dar es Salaam. Wakulima ndio waliokibeba, kwa sababu kilikubali kubeba malalamiko yao. Nguvu zake zote zilizofuata zilitoka hapo.

Mambo yakaenda haraka. Tayari Januari ya mwaka ule ule wa 1958, huko Tabora, TANU ilikuwa imeamua kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususa. Nyerere aliwashawishi waingie, na wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda. Uchaguzi wa 1960 ukaleta viti 70 kati ya 71, na yule mmoja aliyebaki alikuwa mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake kule Mbulu. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikapanda.

Fikirini maana ya 70 kati ya 71. Siyo wizi, watu walikipenda kweli. Chama kilichopendwa kiasi hicho hakina wa kukikosoa bungeni, na polepole huanza kuamini kwamba anayekikosoa nje ya bunge anaikosoa nchi. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria. Mwaka 1965 katiba ikasema chama ni kimoja tu. Mwaka 1975 ikaandikwa wazi kwamba chama kimeshika hatamu, yaani serikali yote iko chini yake. Tarehe 5 Februari 1977 TANU ikaungana na Afro-Shirazi, chama kilichotawala Zanzibar tangu Mapinduzi ya Januari 1964, vikawa Chama Cha Mapinduzi. Kule visiwani, tangu Mapinduzi hayo, wananchi hawakupiga kura ya kuchagua wawakilishi wao wenyewe hadi mwaka 1980.

Mfugaji yeyote wa huku atanielewa nikisema hivi: nchi ni ng'ombe wa ukoo, serikali ni zizi, na chama ni mchungaji. Mchungaji mzuri anastahili sifa na maziwa. Akichunga miaka mingi bila kuulizwa, huanza kuwaita ng'ombe wake.

Mchungaji huyu alikuwa na jicho kila mahali. Miaka ya mwanzo ya uhuru TANU ilipanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Balozi alijua nani kazaliwa, nani kafiwa, mgeni kaja lini. Alisuluhisha ugomvi wa kuku na wa ndoa. Barua yake ilikupeleka kwa katibu kata, na bila barua ulikwama. Wazee wengi watawaambia kwamba balozi alikuwa msaada mkubwa, na ni kweli. Lakini alikuwa kiongozi wa chama, si mtumishi wa serikali, na hakuna aliyeona haja ya kutenganisha.

Hata hivyo, msidhani kwamba zama za chama kimoja watu hawakuchagua kabisa. Mwaka 1965 katika kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, wote wanachama wake, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Na wananchi walitumia nafasi hiyo ndogo kwa ukali. Paul Bomani, yule yule wa ushirika, ambaye sasa alikuwa waziri wa fedha, alianguka. Wakulima waliomwinua walimshusha. Nyerere akamrudisha bungeni kwa kumteua. Nalitazama tukio hilo mara nyingi. Watu walikuwa bado wanakumbuka kwamba kiongozi ni wa kuondolewa, na wakuu walikuwa tayari wameanza kuona kwamba hilo linaweza kurekebishwa ofisini.

Halafu kukaja Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma. Huku kwetu hilo lilikuwa na sura ya Mwadui, mgodi wa almasi aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 ilichimbwa pale almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Jiwe lilitoka ardhi ya Wasukuma likaenda kuwa ua la kifuani kwa malkia. Mzee aliyekuwa akipita nje ya uzio wa Mwadui hakuhitaji kusomewa kitabu ili aelewe Azimio lilikuwa linataka nini. Miaka ya 1970 mgodi ukawa mali ya taifa.

Kuna mambo ya zama hizo ambayo nayashukuru bila kigugumizi. Watoto wa kike walisoma. Watu wazima walijifunza kusoma na kuandika jioni baada ya shamba. Msukuma na Mmakonde walikaa dawati moja na hakuna aliyeuliza kabila. Anayewaambia kwamba chama kile hakikufanya lolote hajawauliza wazee.

Lakini chama kile kile kiliumiza, na huku kiliumiza vibaya. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika Shinyanga. Msukuma hujenga mbali na jirani kwa sababu ya ng'ombe: anahitaji malisho, anahitaji ngitili, ile sehemu ya nyasi na miti inayofungwa wakati wa masika ili ifunguliwe kiangazi. Operesheni ilimtoa kwenye kaya yake kwa amri, ikampanga barabarani kwa mistari. Ngitili zikaachwa bila mwenyewe, miti ikaisha, na wasafiri wakaanza kuisema Shinyanga kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ya chama hicho hicho ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukawaomba wazee wafufue ngitili zilezile. Nyasi zilirudi, ndege wakarudi. Kwa hili nakisifu, kwa sababu ni vigumu kwa mkubwa kurudi kuomba alichokivunja. Ila miaka 12 ni mingi, na ng'ombe waliokufa hawakurudi.

Mwaka 1976 kikafanya jambo ambalo mpaka leo linanikera: kilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Ushirika ulikuwa na wezi ndani yake, hilo halina ubishi. Lakini huyu alikuwa mama aliyekinyonyesha chama wakati wa marufuku, na badala ya kutibiwa alizikwa. Mashirika ya serikali yakaja kununua pamba, malipo yakachelewa, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani ambayo si yake. Ushirika ulirudishwa miaka ya 1980. SHIRECU ya Shinyanga ni ya 1984. Haukurudi na nguvu ile.

Na mwaka huo huo wa 1976 yalitokea mabaya zaidi. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji, hasa ya vikongwe waliosingiziwa uchawi. Vyombo vya usalama vikaja kuwasaka wauaji. Vikakamata watu wengi, vikawatesa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Habari zilipofika juu, Nyerere hakuzifunika. Januari 1977 waziri wa mambo ya ndani alijiuzulu, pamoja na waziri aliyeshughulikia usalama na wakuu wa mikoa hii miwili. Waziri yule wa mambo ya ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa amemgusa mtu, hakuwa ametoa amri ya kutesa, lakini watu walikufa chini ya wizara yake, akaona inampasa aondoke. Miaka 8 baadaye alikuwa Rais wa Tanzania. Nawaomba mlishike jina la Shinyanga katika kisa hicho, kwa sababu ni huku ambapo serikali ya chama kimoja, isiyo na mpinzani wa kuisukuma, iliwajibika yenyewe. Iliwezekana.

Baadaye kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na majirani zao walianzisha sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, kwa mishale na filimbi. Polisi hawakuwapenda. Chama kikawakumbatia. Bado kilikuwa na sikio la kujua watu wanaelekea wapi, ijapokuwa sungusungu nao waliwaonea wengi.

Mwaka 1991 dunia ilikuwa imebadilika, ukuta wa Berlin umeanguka, UNIP ya Kaunda huko Zambia inashindwa uchaguzi. Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza Watanzania wanataka mfumo gani. Karibu watu 8 kati ya kila 10 walisema wabaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikijali wale 2, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Sasa rudini kwenye lile swali la viwanja. Zama za chama kimoja, mtu alipochangia ujenzi, kwa fedha au kwa nguvu zake, hakuwa na namna nyingine ya kuchangia ila kupitia chama. Vyama vingi vilipokuja, viwanja, majengo na mashamba mengi vilibaki kwa CCM. Wapinzani wamelalamika tangu wakati huo kwamba hiyo ilikuwa mali ya wote. Nakubaliana nao. Aliyechanga mwaka 1975 alichanga akiwa mwananchi. Kadi ilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyokuwapo.

Tangu 1995 uchaguzi wa vyama vingi umefanyika kila baada ya miaka mitano na CCM imeshinda urais kila mara. Usukuma haukuwa umelala. John Cheyo, kupitia chama chake cha UDP, alipata ubunge Bariadi, ambayo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuundwa mwaka 2012. Lakini kwa sehemu kubwa ushindani mkali umekuwa ndani ya CCM yenyewe, kwenye kura za maoni, ambako wajumbe wachache huamua nani atakuwa mbunge wa maelfu. Ulizeni nyumbani nani alishinda kura za maoni, mtaona watu wanalijua jina lile kuliko la mpinzani.

Na dhahabu je? Mgodi wa Geita ulichimbwa na wakoloni kuanzia miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Kisha wachimbaji wadogo wakaja na sururu, wakashuka kwenye maduara, yaani mashimo yao, wakafukuza rashi, yaani kila mahali paliposikika dhahabu mpya, kutoka kilima hadi kilima. Agosti 1996, huko Bulyanhulu, maelfu ya wachimbaji hao waliondolewa ili kupisha kampuni kutoka Kanada. Madai ya watu kufukiwa mashimoni yametolewa tangu siku ile na serikali imeyakana siku zote. Lisilobishaniwa ni kwamba watu walifukuzwa kwenye riziki yao kwa nguvu, na chama kilichozaliwa kutetea mnyonge mbele ya mizani kilikuwa upande wa mwenye mizani. Sheria ya madini ya 1998 iliwapa wageni masharti ya raha, mrabaha wa asilimia 3 tu. Geita ikafunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001.

Ndiyo maana Rais John Magufuli alipokuja, huku alipokewa kama mwana wa nyumbani, na alikuwa hivyo: mzaliwa wa Chato, ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita. Mwaka 2017 alizuia makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wa madini, bandarini, akabadili sheria, mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6, na baadaye serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika migodi ya kampuni ya Barrick kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. Mwaka 2019 masoko ya madini yakafunguliwa, Geita ikiwa ya kwanza, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kupimiwa dhahabu yake mbele ya macho yake. Mwaona? Mizani tena. Kwa hilo watu walimpenda, na nawaelewa. Lakini mikono ile ile ilipiga marufuku mikutano ya hadhara ya wapinzani kwa miaka, ikayabana magazeti, na wengi walinyamaza kwa kuwa dhahabu ilikuwa inapimwa vizuri.

Mengine mmeyaona wenyewe. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kuchukua takriban asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, iliondolewa kwenye uchaguzi na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa CCM wa Kisesa, Msukuma mwenzetu, alihamia ACT-Wazalendo akazuiwa kugombea urais. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, intaneti ikazimwa, risasi zikalia na watu wakauawa. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Mimi niliyewasimulia kuhusu 70 kati ya 71 nawaambia tofauti yake: mwaka 1960 kila mtu aliijua sababu ya namba ile, na hakuna aliyehitaji kuzimiwa simu ili aiamini.

Kuna nchi zilizopita njia kama yetu. KANU ilitawala Kenya tangu uhuru wa 1963 hadi Desemba 2002, ikashindwa kwa kura, ikakabidhi. Visiwa vya Cape Verde, vilivyopata uhuru mwaka 1975 chini ya chama kimoja cha wapigania uhuru, vilifanya uchaguzi huru mwaka 1991. Chama kile kikaanguka, kikaenda upinzani miaka 10, kikajirekebisha, na mwaka 2001 wananchi wale wale wakakirudisha madarakani. Botswana walisubiri miaka 58 tangu uhuru, hadi chama tawala kiliposhindwa mwaka 2024. Katika nchi hizo tatu jua lilichomoza kesho yake, na chama kilichoshindwa kilibaki na ofisi, wanachama na historia yake.

Aliyezaliwa Geita mapema mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipozaliwa, atatimiza miaka 18 mwaka 2030. Uchaguzi mkuu unaofuata ni wa mwaka huo huo, na jina lake litakuwa na haki ya kuwamo katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.